Félicité, mtengeneza sabuni wa Baraka aliyekataa kuidanganya mahakama

Saa kumi na mbili asubuhi, Félicité Ntahomvukiye anakoroga mawese na soda kali ya kutengenezea sabuni kwa mwiko mrefu nyuma ya nyumba yake mjini Baraka, mashariki mwa Kongo. Uso ameugeuzia pembeni kukwepa mvuke unaowasha macho. Mchanganyiko ukishakuwa mzito, anaumimina taratibu kwenye masanduku ya mbao.

“Ukimwanga sabuni mbio-mbio, inapasuka-pasuka,” anasema akicheka. “Bamama ba soko batairudisha.”

Sabuni zake huuzwa hadi mji wa Uvira. Yeye mwenyewe hajawahi kufika huko. Kwenye kila kizuizi barabarani watu huulizwa kitambulisho, naye hakuwahi kuwa nacho. Jirani ndiye humbebea mzigo, na faida hugawana nusu kwa nusu.

Alizaliwa wakati wa vita, wapi hasa hakuna ajuaye. Georgette, mkulima wa Mboko, alimkuta kando ya njia, kichanga aliyefungwa kitenge, watu wakikimbia huku na huku. Georgette hakuwa na maziwa. Consolate, mkimbizi kutoka Burundi aliyekuwa na mtoto mchanga, akampakata na kumnyonyesha, kisha akampa jina la baba yake yeye Consolate, Ntahomvukiye.

Félicité akakulia nyumba mbili, akizungumza Kibembe cha Georgette na Kirundi cha Consolate. Kwenye ofisi ya vitambulisho aliambiwa jina lake ni la Kirundi, kwa hiyo si Mkongomani. Kwenye ofisi ya wakimbizi akaambiwa hana mzazi Mrundi.

Alizoea. Lakini mwaka huu shule ilidai cheti cha kuzaliwa cha bintiye, Nella, ambacho hangekipata bila yeye mwenyewe kutambuliwa kwanza, na mahakama ikaja Baraka kusikiliza kesi za watu wasio na vyeti. Majirani wakamshauri: Georgette aape kwamba ndiye aliyemzaa, mambo yaishe.

“Nilikataa,” anasema. “Mama Consolate angekuwa amekaa palepale, anasikia. Maziwa yake ndiyo iliniponesha.”

Hakimu akamuuliza nani alimzaa.

“Sijue, Muheshimiwa.”

Minong’ono ikazagaa ukumbini. Georgette akasimama. “Mi nilimuokota. Sikumuzala.”

Consolate naye akainuka. “Mi nilimunyonyesha. Siyo mi nilimuzala. Lakini iko mutoto yetu.”

Hakimu akafungua kitabu cha sheria, kisha akasoma uamuzi kwa Kifaransa: kichanga aliyeokotwa nchini, ambaye wazazi wake hawajulikani, huhesabiwa raia. Félicité hakuelewa kitu. Karani akamgeukia. “Mama, uko Mukongomani.”

Félicité akaketi sakafuni. Mama zake wawili wakamwinua, huyu mkono huu, yule mkono ule, wote wakilia.

Kadi yake ya kitambulisho bado haijatoka. Hata hivyo, akiwa na uamuzi wa mahakama, wiki ijayo atampeleka Nella kuandikishwa apate cheti cha kuzaliwa, na tayari amemshonea gauni la siku hiyo.

“Batauliza mama ya huyu mutoto ni nani, ni wa wapi,” anasema, akipangusa mikono. “Nataka Nella asikie nikijibu.”