Mwamvua na Namba ya Mama Eunice

Mwamvua ni binti yangu wa pili. Ninaandika habari zake kwa sababu watu wa hapa Buseresere wanazisimulia kichwa chini miguu juu. Wanasema Mama Eunice ndiye aliyempeleka mjukuu wangu Safiya chuo cha udaktari. Nimeyasikia sokoni, nimeyasikia msibani. Nilijifunza kuandika ukubwani, kwenye kisomo cha watu wazima, na mkono wangu ni mzito, lakini hili nitaliandika hata likinichukua mwezi.

Nilimzaa mtaa wa Kambarage, Shinyanga mjini, baba yake akiwa fundi cherehani. Tangu mdogo ni mtu wa kuomba radhi. Ukimkanyaga mguu, yeye ndiye anayesema samahani. Sijui alilitoa wapi, kwangu hakulitoa.

Aliolewa na Abdul, kijana mpole, akamfuata machimbo ya Geita. Abdul anashuka duarani, ndilo shimo lenyewe la dhahabu, na Mwamvua anawapikia wachimbaji wali na maharage pale juu. Msimu mmoja wa mvua duara lilimfunika Abdul. Walimtoa siku ya tatu. Safiya alikuwa na miaka minne. Nilidhani binti yangu atarudi nyumbani. Hakurudi. Alikaa eda, ilipoisha akabeba sufuria zake akaja Buseresere, akafungua kibanda kando ya barabara ya Biharamulo. Samaki anawafuata Chato alfajiri, anawakaanga, saa saba mchana hakuna kitu. Mimi ndiye niliyehamia kwake.

Safiya alisoma Kayumba. Ndivyo watu wanavyoziita shule za serikali, wakicheka. Kutoka hapo akaenda sekondari ya kata, wanafunzi themanini chumba kimoja, maabara yenye meza tupu. Akafaulu. Serikali ikampangia kidato cha tano shule ya bweni ya wasichana. Matokeo ya kidato cha sita yalipotoka alikuwa na divisheni wani ya pointi tano. Mwalimu Otmar, aliyemfundisha biolojia shule ya kata, alikuja kibandani akaagiza chai, akashindwa kuinywa kwa furaha.

Sasa nimlete Mama Eunice. Mume wake, George, ananunua dhahabu kwa wachimbaji. Mtoto wao Eunice kasoma shule za kulipia Mwanza tangu chekechea, na mama yake hakuna anachosema kisiwe na shule hizo ndani yake. Kila Jumamosi anachukua samaki kwa Mwamvua. Anasimamisha gari, anashusha kioo nusu, anaita, "Mama lishe! Wale wakubwa, uwapeleke mlango wa nyuma." Miaka sita. Jina la Mwamvua analijua na jina la mtoto wake analijua.

Maombi ya vyuo yalipofunguliwa, tulikwenda kwa Mihayo, kijana mwenye steshenari. Hapa kila mtu anaombewa chuo kwa Mihayo. Tulifika wa kwanza, tukasimama. Mama Eunice akafika na Eunice na mama wengine wawili wa shule za kulipia, Mihayo akainuka, akafuta viti kwa kitambaa. Wakaketi. Sisi ukuta ukatushikilia.

"Na nyie mnaombea nini?" Mama Eunice akauliza.

"Udaktari," Safiya akasema.

Wale mama wakatazamana. Mmoja akasema, "Mwanangu, kule wanasoma Kiingereza kitupu. Ualimu si upo? Kilimo je?"

"Nimeshachagua, mama. Vyuo viwili, vyote udaktari."

Zamu yetu ilipofika Mihayo akaomba namba ya simu. Mwamvua akatoa simu yake ya vitufe, ile tunayoiita kitochi. Mama Eunice akacheka mpaka akashika kifua.

"Hiyo? Mama lishe, mambo ya chuo yanataka simu ya maana! Mihayo, andika yangu. Kikiingia chochote nitawaambia."

"Kwani ya kwetu haiiti?" nikasema.

Mwamvua akanifinya mkono. "Ahsante sana, Mama Eunice. Mungu akuzidishie."

Mihayo akaandika namba ya Mama Eunice. Nikamwona akiandika.

Wiki zikapita. Kila Jumamosi Mwamvua anapeleka samaki mlango wa nyuma, anamuuliza Bhoke, binti wa kazi, kama mama kasema lolote. Hajasema. Jumamosi ya mwisho Mama Eunice hakuagiza samaki, maana walikuwa na sherehe na wamekodi wapishi kutoka Geita.

Mchana wa siku hiyo hiyo Mwalimu Otmar akaja mbio kibandani.

"Mama Safiya, hongera! Jina limetoka vyuo vyote viwili! Mmeshathibitisha?"

"Kuthibitisha nini, mwalimu?"

Uso wake ukabadilika. Akatueleza. Aliyechaguliwa vyuo viwili anatumiwa namba ya siri kwenye simu, anaiingiza kwenye mtandao kuonyesha anakwenda chuo kipi. Asipoiingiza, nafasi anapewa mwingine. Mwisho ni leo.

"Ujumbe ulikuja tangu Jumatatu," akasema. "Simu yenu ina nini?"

Tukamwambia tuliandika namba ya Mama Eunice, kwa sababu simu yetu ni kitochi. Mwalimu akashika kichwa. "Ni meseji ya kawaida! Hata kitochi kinapokea!"

Niliposikia hivyo nilichukua fimbo yangu.

Mwamvua aliacha mafuta yanachemka. Tulikwenda mimi, yeye na Safiya. Kwa George kulikuwa na turubai, muziki, keki ya ghorofa tatu, wazazi wa shule za kulipia wamejaa, wanapongeza watoto wao. Bhoke akatukuta getini.

"Wa chakula wanapitia nyuma," akasema kwa sauti ndogo.

"Leo hatujaleta chakula," nikamwambia, nikapita mbele.

Mama Eunice alikuwa katikati ya meza. Mwamvua akaanza kama kawaida yake. "Samahani, Mama Eunice, kuna ujumbe wa Safiya..."

"Aa, ule? Niliuona. Nikasema mkileta samaki Bhoke atawaambia. Hamkuleta."

"Hukutuagiza," nikasema.

"Basi nimefuta. Simu ilijaa. Njooni kesho tutazame."

"Kesho ni nafasi ya mtu mwingine, mama," Safiya akasema, na machozi yalikuwa yameshamtoka. "Mwalimu anasema ukiiomba tena namba kwenye mtandao wanaituma upya. Lakini inakuja kwako."

Mwanaume mmoja mwenye soda mkononi akauliza, "Nafasi ya nini?" Akaambiwa udaktari. "Huyu wa kata? Labda wa ng'ombe!" Meza nzima ikacheka. Eunice peke yake hakucheka, alikuwa anatazama sahani. Baadaye nilijua jina lake halikutoka popote awamu ile, na keki imeshakatwa.

"Simu yangu ina benki, ina mambo ya mume wangu," Mama Eunice akasema. "Siwezi kuigawa kama chumvi. Mama lishe, usiniharibie shughuli."

Hapo ndipo binti yangu, mwenye miaka arobaini na miwili, nilipomwona kwa mara ya kwanza. Akavuta kiti cha plastiki, akakiweka kati ya Mama Eunice na yule mwenye soda, akaketi. Mafuta ya samaki kwenye kanga, majivu miguuni.

"Naitwa Mwamvua," akasema. "Safiya, nenda kwa Mihayo, mwambie aombe namba upya. Mimi siondoki hapa mpaka simu hii ilie."

"Unafanya nini wewe?" Mama Eunice akamuuliza, Safiya ameshatoka mbio.

"Nimekaa."

"George! Hebu mtoe huyu!"

George akaja, akatazama wageni wake, akanitazama mimi, maana na mimi nilikuwa nimeshavuta changu. Kumburuta bibi kizee mbele ya watu hakuweza. Akamwambia mkewe, "Weka simu mezani, yaishe."

Akaiweka. Muziki ukazimwa. Tukakaa hivyo, watu na nguo zao nzuri, wanaitazama simu kama maiti. Nilihesabu pumzi zangu nikapotea. Ikalia. Mwamvua akaivuta, akaomba kalamu, hakuna aliyetoa. Eunice akachomoa yake kwenye mkoba, akampa. Mwamvua akaandika kwenye kiganja, tarakimu moja moja, akarudia kusoma mara mbili, akarudisha simu mezani kwa mwenyewe. Akatoka mbio, akapanda bodaboda kwenda kwa Mihayo. Mlango wa mbele.

Mimi nilibaki. Mama Eunice akaniinamia. "Bibi, mngesema kwa upole tu."

"Upole tumekuletea miaka sita," nikamjibu, "mlango wa nyuma."

Saa kumi na moja Safiya alithibitisha. Leo yupo mwaka wa pili, na wiki iliyopita kanipigia kuniambia amepima presha ya mgonjwa wa kweli.

Na Mama Eunice anatembea akisema, "Bila simu yangu yule mtoto angekuwa anakaanga samaki." Watu wanaitikia. Mwamvua anaendelea kumuuzia. Nilimkataza, akaniambia, "Mama, samaki ni kazi yangu, na sasa anakuja kibandani kuchukua mwenyewe." Sawa. Ni biashara yake. Mimi sijasamehe, wala sijaombwa.

Wala sijajisamehe. Nilikuwepo kwa Mihayo siku ile. Nilisema neno moja, nikafinywa, nikakubali mtoto wetu aandikiwe simu ya mwingine kwa sababu ile yetu inachekesha. Na juu ya hayo tukashukuru.

Kwa hiyo mwaka huu, maombi yalipofunguliwa, nimekwenda kwa Mihayo kila asubuhi na fimbo yangu. Wanakuja kina mama wa Kayumba, wengine kutoka vijijini, hawajui pa kuweka mikono. Mihayo akifika kwenye namba ya simu, nainuka.

"Yako ipo wapi?"

"Bibi, ni mbovu kidogo..."

"Inaita?"

"Inaita."

"Mihayo, andika hiyo."

Mihayo anasema namfukuzia wateja. Atavumilia, au aniletee polisi.