Kiswahili cha Baba na Kibali cha Mpakani

Dada yangu aliolewa mbali, karibu kabisa na mpaka wa kusini, enzi ambazo kule kulikuwa bado kunafikika. Baadaye wanajeshi waliufunga ukanda wote ule, na asiye na kibali hakupita. Kwa hiyo dereva wa lori la kahawa alipotuletea habari nyumbani Kisugu kwamba dada amejifungua mtoto wa kiume lakini damu haikomi, na kwamba anamwita Mama, hatukuweza kupanda gari na kwenda kama watu. Ilibidi kwanza tuombe ruhusa ya kumwona mtoto wetu wenyewe.

Baba alikwenda kwa chifu wa muluka, yaani kata yetu, akapata barua, akaenda polisi akagongewa muhuri. Ilibaki saini ya afisa wa jeshi, na hapo Baba, nashangaa hata kusema, alichangamka. Ukoo wake ulitoka pwani, wafanyabiashara waliofika Kampala zamani na misahafu yao, na Kiswahili alikitunza kama kanzu ya Idi. Wakati ule mji mzima ulikiogopa Kiswahili; majirani wakikisikia nje ya mlango walinyamaza, maana walijua ni askari. Baba alisema walau ipo ofisi moja Kampala ambako atasikilizwa kwa lugha yake. Mama, Muganda wa Kasubi aliyejifunza Kiswahili sokoni, alitaka aseme yeye, kwa kuwa anayeitwa ni yeye.

"Hapo niachie mimi," Baba alimwambia. "Utatuaibisha."

Afisa alikuwa kijana mwenye macho mekundu, redio ndogo mezani kwake. Baba alisimama wima mbele yake, kofia mkononi, mimi na Mama nyuma yake.

"Mheshimiwa, nimekuja kwa unyenyekevu kuomba idhini ya kumzuru binti yangu, ambaye amejifungua na hali yake si ya kuridhisha."

Afisa aliweka kalamu chini. "Wewe mzee, wapi unatoka?"

"Kisugu, mheshimiwa. Nimezaliwa papa hapa Kampala."

"Wacha wongo. Hii Swahili yako iko ya redio ya adui, ya Dar es Salaam. Mimi nasikia yeye kila siku. Nani natuma wewe kwa mupaka?"

"Hakuna aliyenituma, mheshimiwa. Nakuapia kwa Mola wangu." Kwa hofu, Kiswahili chake kikazidi kunyooka. Ningekuwa na ujasiri ningemziba mdomo. Kila neno safi lilizidi kumzamisha, na yeye, maskini, alidhani akisema vizuri zaidi ataeleweka zaidi. Walimkokota nyuma ya jengo. Alirudishwa kwetu jioni, kanzu imechanika, baada ya chifu kuja kuapa kwamba anamjua. Barua yetu waliichana.

Chifu naye aliogopa kuandika nyingine. Mama alikwenda kuketi mlangoni pake kila asubuhi, bila neno, mpaka akamchosha, naye akaandika. Mara ya pili tulikwenda Mama na mimi tu, kwa afisa yuleyule. Mama alipiga magoti sakafuni kama mwanamke wa Kiganda mbele ya mkubwa.

"Afande, mutoto yangu iko gonjwa sana. Mimi narira tu, kurara siwezi."

Afisa alitabasamu, akavuta karatasi, akasaini. Hata chai yake haikupoa. Nilimchukia kwa wepesi ule kuliko nilivyomchukia kwa ukali wake.

Tulipofika, baada ya vizuizi visivyokwisha, mama mkwe wa dada alitujia barabarani bila kupaza sauti ya kutukaribisha. Tukajua. Dada alikuwa amekwisha kuzikwa. Kwetu maiti hacheleweshwi, na mwanamke huoshwa na wanawake wa kwao. Mama akiwapo, ndiye wa kwanza kumshika. Mama hakuuliza kaburi liko wapi. Alitaka kumwona aliyemwosha mwanawe.

Wakamleta jirani mmoja, mwanamke mwenye haya, aliyekuwa pia akimnyonyesha mtoto wa dada.

"Maji mlipasha?" Mama aliuliza.

Dada hakuweza kabisa maji baridi. Hata alipokuwa msichana mkubwa, Mama ndiye aliyempashia. Yule jirani alitazama chini. Askari walikuwa wamewakataza kwenda porini, alisema, na kuni zilikuwa zimekwisha.

"Yalikuwa ya kisimani tu, mama. Tusamehe."

Mama alimshukuru kwa heshima zote. Kisha aliketi chini, na sauti iliyomtoka sijaisikia tena kwa mtu yeyote, na sitaki kuisikia. Kibali kilikuwa cha watu wawili. Mtoto tulimwacha.

Nyumbani tulimkuta Baba chumbani, madirisha yamefungwa. Jirani alitwambia hakuwa ametoka hata kwenda msikitini. Habari ya kifo aliisoma usoni mwetu. Akauliza aliyemwosha ni nani.

"Jirani," Mama alisema. "Mwanamke mwema."

"Na maji?"

Nilimtazama Mama. Alikuwa anafungua fundo la leso yake, polepole, macho yake kwa Baba.

"Walipasha," alisema. "Ya uvuguvugu, kama alivyopenda."

Baba alisema alhamdulillahi, akaufunika uso kwa viganja, akalia.