Fundi Aliyengoja Injini Ipoe

Simu ilitoka mtaa wa Kanyenye, Tabora, Jumanne asubuhi: fundi wetu wa magari amefariki, anazikwa baada ya alasiri. Nimechoka kuandika habari za namna hii. Msomaji mmoja aliniambia juzi kwamba safu hii imegeuka makaburi, na ni kweli, maana watu wangu wanaondoka mmoja mmoja na mimi nimebaki na kalamu. Huyu lakini siwezi kumpita kimya. Kuna neno nililotakiwa kulisema yeye akiwa hai, nikaliahirisha hadi akafukiwa.

Wenye magari wa Tabora wa umri wangu wanamkumbuka kwa ukaidi. Ukimpelekea gari linalotetemeka likiwashwa asubuhi, hakugusa spana. Aliinua boneti, akaweka kiganja juu ya injini, akaikuta ya moto, akasema, "Liache lilale hapa. Kesho." Ungemwambia una safari ya Igunga, una mgonjwa, una mkutano, alikusikiliza kwa adabu zote za ukoo wake wa Kiarabu, akakuletea kahawa, na gari likabaki palepale. Ugonjwa wa asubuhi, alisema, saa sita mchana haupo, na fundi anayeutafuta saa hiyo ataishia kufungua vitu vizima. Wengi walimwona mvivu. Mimi nilimwita hivyo mbele yake.

Siku zile za kuhamia vijijini nilikuwa karani katika ofisi moja ya umma. Gari tulikuwa nalo moja tu, na kila lilipowashwa asubuhi lilitikisika kama mwenye homa, likakohoa, likazima. Likishakwenda maili mbili tatu, linatulia. Dereva wake alikuwa Mmoraviani mmoja wa vijijini, mtu wa kunyamaza, aliyevaa tai hata siku ya kuchimbua magurudumu kwenye tope. Alilipeleka gereji mbili, na kote alifika injini imeshapata moto, mafundi wakasema gari zima, labda dereva ndiye mbovu. Kisha siku moja likagoma kabisa, mkubwa wetu akakosa mkutano Isikizya, watu wakakaa juani tangu asubuhi wakimsubiri. Neno hujuma lilikuwa jepesi midomoni wakati ule. Mkubwa akaniagiza niandike barua kwamba dereva analihujumu gari la umma kwa kuwa haipendi kazi ya vijiji. Niliiandika kwa siku moja, kwa Kiswahili safi, na naona aibu kusema kwamba niliisoma mara mbili kwa raha.

Kabla haijatiwa saini dereva alinifuata. "Karani, ndugu yangu, hiyo ikitoka mimi nimekwisha. Nina watoto sita. Twende kwanza kwa fundi wa Kanyenye, akisema ni mimi, basi ni mimi."

Tukaliacha gari likalala huko. Asubuhi fundi aliliwasha mwenyewe, likaanza kutikisika, naye akafurahi kama aliyepata mgeni. Alichovya kijiti kwenye mafuta ya injini, akadondosha tone moja moja pale kabureta inapokaa. Injini ikatulia tuli. Mafuta yakanyonywa, mtikisiko ukarudi. "Linavuta hewa hapa," alisema. "Likipata moto panajiziba, ndiyo maana wenzangu hawakupaona." Akazima, akafungua, akatoa gasketi, ile karatasi ya kuziba maungio. Ilikuwa kipande cha jalada la faili, rangi ya kaki, na nusu ya muhuri wa ofisi yetu ilikuwa bado inasomeka. Miezi michache nyuma, gasketi hazipatikani mjini kote, mimi ndiye niliyetoa jalada lile likakatwa.

Dereva alikuwa kisimani anachota maji ya rejeta. Fundi alinitia kile kipande mkononi. "Hiki cha kwenu. Kaseme wewe, mdogo wangu. Sisi Waarabu maduka yetu yameshachukuliwa na serikali, nikisema mimi wataniunganisha naye."

Nilirudi ofisini na gari lililotulia, kipande kimo mfukoni mwa shati. Nilimwambia mkubwa neno moja tu: limepona. Akacheka. "Umeona? Tumemshtukia tu, kaacha mchezo wake." Akachukua kalamu, akatia saini. Nami nilisimama pale na ushahidi kifuani, nikaipokea barua, nikaipiga muhuri. Dereva akarudi kwao kulima tumbaku.

Nimefikiria sana tangu hapo jinsi tulivyokuwa tukitafuta makosa. Tulikuwa na haraka ya kujenga nchi, na haraka ile ilikuwa ya kweli, sitaidharau leo kwa kuwa nimezeeka. Lakini kila kilichokwama tulikitafutia mtu kabla ya kutafuta kilichokwama. Sioni kama tumeacha.

Makaburini Jumanne nilimkuta dereva, amevaa tai. Nikamwamkia shikamoo, akaitika marahaba, nikaanza kumweleza habari za jalada. Akanizuia kwa mkono.

"Fundi aliniambia wiki ileile. Nikataka kukufuata ofisini nikuvunje mkono huo wa kuandikia. Akanikataza. Akasema, mwache, atakuja mwenyewe."

"Nisamehe, kaka."

"Barua ile uliiandika siku ngapi?"

"Moja."

"Basi andika na nyingine."

Nilimuuliza kama nitaje jina lake. Akasema wanaomjua watajua, na wengi wao wamekwisha kufa wakiamini ile ya kwanza.

Ndiyo hii. Gari halikuhujumiwa. Dereva alisema kweli tangu siku ya kwanza. Jalada lilitoka mezani kwangu, na barua pia.