Barua Iliyozidi Gramu Mbili

Mimi ni mtu wa hasira, na katika habari hii sitajipamba. Enzi za Mdachi, reli ilipokwisha kufika Dodoma, nilikuwa karani wa mizani pale posta. Baba yangu alikuja bara na misafara ya pembe, akaishia Mpwapwa, akaoa hapo, akanitia shule ya serikali. Nilitoka na mwandiko mzuri ambao hata bwana posta, Mdachi mwenyewe, alikuwa akiwaonyesha wageni wake. Basi nikajiona mtu. Kanzu yangu ilipigwa pasi kila siku, katika mji ambao vumbi lake huliwa pamoja na ugali.

Kazi yenyewe haikuwa ngumu. Barua isiyozidi gramu ishirini ilikuwa ya stempu moja. Ikizidi hata kidogo tu, stempu mbili, hapakuwa na moja na nusu. Watu hawakuelewa jambo hilo hata kidogo. Wao walizoea mpagazi, ambaye mzigo ukizidi kidogo hunung'unika kidogo, kisha huutwika na safari ikaendelea. Walikuja na barua zimevimba, ndani wametia mbegu za mtama, ugoro, nywele za mtoto mchanga, nami kutwa nzima nikigomba: toa au ongeza stempu. Barua iliyopungukiwa stempu haikutupwa. Ilikwenda, lakini kule ilikofika mpokeaji alitozwa mara mbili ya kile kilichopungua, na kama hana, ililala huko mpaka irudi. Asiyejua kuandika nilimwandikia mimi mwenyewe, bwana posta alikuwa ameniruhusu.

Siku moja ya kiangazi alikuja mama mmoja wa makamo kutoka upande wa Chemba, siku tatu kwa miguu. Alikuwa na vumbi mpaka kwenye kope. Sikumpa hata shikamoo, na nilikuwa mdogo kwake kwa miaka ishirini. Nilimwuliza tu anataka nini.

"Mwanangu," akasema, kwa Kiswahili cha polepole, "niandikie barua kwa kijana wangu. Yuko Tanga, kwenye mkonge. Mwambie baba yake anakwenda. Aje sasa, asingoje kipande kiishe."

Kipande kilikuwa kadi ya kazi, siku zikitiwa alama moja moja. Aliyeondoka kabla hakijajaa alitafutwa, na akikamatwa alilazwa chini akachapwa viboko. Nikamwuliza mama yule kama anajua anamwitia nini mwanawe.

Akasema anajua. Akanieleza. Mumewe alikuwa na ng'ombe, lakini zizini mwake mlikuwa na wachache. Wengine alikuwa amewawekesha kwa marafiki vijiji vya mbali, kama watu wa huko wafanyavyo, ili ugonjwa ukiingia zizi moja usimalize wote. Wako kwa nani na wangapi, hayo hukaa kichwani mwa baba, naye humwambia mwanawe wa kwanza peke yake, kwa kinywa chake. Mke haambiwi. Ndugu ndio kabisa. Mzee alikuwa ameacha kula, na kila alipozinduka aliuliza kama kijana amefika. Kijana asipofika kabla mzee hajakata roho, ng'ombe wamekwenda, na mama huyu na wadogo zake kijana wataishi kwa kuomba.

Kisha akavua shingoni kipete cha waya wa shaba kilichoshonwa juu ya kipande cha ngozi. "Mtilie na hiki," akasema. "Bila hiki haji."

Nikamwuliza kwa nini. Akasema watu wa jumbe, mkuu wa kijiji chao, walikuwa na mchezo: wanamwandikia kijana kwamba mama yako yuko hoi, kijana anakimbilia nyumbani, anawakuta wamekaa na kamba, anapelekwa kulima barabara ya serikali bila ujira. Kwa hiyo siku ya kuagana yeye na mwanawe walipatana: ukiona kipete changu, njoo hata usiku, usipokiona, ni waongo.

Nikaandika. Hapa ndipo ninapojichukia. Barua ya mtu aliyekwenda shule haikuanza kwa pupa. Ilianza kwa salamu, nami salamu zangu zilikuwa zikisifiwa mji mzima. Karatasi ya kwanza yote, mbele na nyuma, niliijaza: kwa mwana mpendwa, mtiifu, aliye mbali na macho na karibu na moyo, baada ya salamu nyingi zisizo idadi, tunakuarifu sisi huku hatujambo, wazima wa afya, hofu na mashaka ni kwako uliye mbali. Naam, hatujambo, na mzee anakufa. Habari yenyewe ikaingia karatasi ya pili, mistari sita. Mama yule alikuwa akitazama kalamu inavyokwenda, naye nadhani aliamini kila mstari unamwita mwanawe.

Nikakunja karatasi zote mbili, nikatia na kipete, nikaweka mizanini. Mshale ukasimama kwenye ishirini na mbili.

Pembe ya kaniki yake ilikuwa na sarafu za stempu moja tu. Alikuwa ameuza kuku wawili njiani. Nikampigia hesabu kwa sauti, maana nilipenda kusikika. Ikienda na kipete kwa stempu moja, kijana atadaiwa mara mbili kule, na ujira wao haulipwi mpaka kipande kijae, kwa hiyo hatakuwa na kitu, na barua italala kwenye sanduku mpaka baba yake aoze. Kipete kikitoka, barua inakwenda halali.

"Bila hiki haji," akasema tena.

Nikamkemea. Nikamwambia karatasi inasema kila kitu, kipete nacho kitasemwa. Nikafungua barua, nikaongeza pembeni: mama yako ameleta kipete chake cha shaba juu ya ngozi, mimi karani nimekiona kwa macho yangu. Nikamsomea. Nikamrudishia kipete mkononi.

"Atajua?" akauliza.

"Atajua, mama."

Akakifunga tena shingoni. "Haya," akasema. "Wewe ndiwe unayejua mambo ya karatasi."

Mtaniuliza kwa nini sikutoa mfukoni mwangu. Nilikuwa nazo. Siku ileile jioni nilinunua halua. Haikunipita akilini, na huo ndio ukweli, ingawa ningependa kuwaambia kuna amri iliyonizuia.

Mvua za kwanza zilikuwa zimekwisha kunyesha alipoingia kijana mmoja mrefu, viganja vimechanwachanwa na mkonge. Alikuwa ameshika barua yangu. Niliujua mwandiko kabla hajafika mezani.

"Ndiwe karani uliyeandika hii?"

Nikasema ndimi. Nikamwuliza mzee hajambo, na nilipouliza nikajua sikupaswa kuuliza.

"Aliningoja siku kumi na mbili," akasema. "Mama anasema siku za mwisho alikuwa akigeukia mlango kila mbwa anapobweka. Kisha akafunga kinywa." Waliowekeshwa ng'ombe nao walifunga vinywa vyao. Mmoja tu, mzee wa Mungu, alileta jike moja lililozeeka. Wengine hawakuonekana hata kwenye matanga.

Nikaanza kujitetea. Nikamwambia barua iliondoka na treni ya kesho yake, stempu halali, na kipete nilikitaja waziwazi.

"Ulikitaja," akasema. Hakupandisha sauti, na laiti angepandisha. "Karani wa kambini alinisomea, nikapapasa bahasha, hakimo. Nikasema, watu wa jumbe wamembana mama mpaka ametaja kipete. Lakini amekataa kukitoa. Basi ananiambia nisije. Nikakaa nikamaliza kipande changu, na kila siku nilimshukuru mama yangu."

Nilitamani anipige.

Akatoa kipete mfukoni, akakiweka juu ya meza. "Mama anasema kilizidi. Nionyeshe."

Nikaweka kipete mizanini, na bahasha, na karatasi zote mbili. Mshale ukasimama palepale. Nikamwonyesha kwa kidole: mwisho wa stempu moja ni hapa, yako imefika hapa. Akainama akatazama ule upenyo mdogo kati ya alama mbili, akatazama kwa muda mrefu.

"Mistari ya baba yangu iko karatasi ipi?"

"Ya pili."

"Na ya kwanza inasema nini?"

Nikamwambia ni salamu.

Akanyoosha mkono akaiondoa ile ya kwanza, yeye mwenyewe, bila kuniomba ruhusa. Mshale ukarudi nyuma, ukapita alama ya ishirini, ukatulia kwenye kumi na saba, na kipete kimo. Hakujua kusoma tarakimu, lakini nilikuwa nimekwisha kumwonyesha mwisho wa stempu moja uko wapi.

Hakunitukana. Alikunja karatasi ya pili, akaitia pamoja na kipete katika bahasha, akaisunda kifuani. Ile ya salamu akairudisha juu ya mizani, mbele yangu, akatoka.