Mwanachama wa Mwisho wa Kikundi cha Masufuria

Kabla sheria haijatukumbuka, sisi watu wa Izia tulikuwa tunazikana bila katiba. Mtu akifiwa, mama yangu alijifunga kanga ya pili kiunoni, akachukua upawa, akatoka. Wanawake wenzake walimfuata na yale masufuria makubwa waliyonunua kwa kuuza ulezi wao. Huyu alileta kuni, yule unga, mwingine mikono yake tu. Hakuna aliyeuliza nani anatoa na nani anapokea, kwa kuwa kila mmoja alijua zamu yake inakuja. Watu wakawaita kikundi cha masufuria. Wenyewe hawakujiita kitu.

Basi likaja soko huria. Ilianza mitumba, vikafuata vyama vingi, halafu likaja neno asasi. Pale Sumbawanga mjini kila mwenye suruali iliyonyooshwa akafungua asasi: ya yatima, ya wajane, ya mazingira. Jamaa mmoja mwenye duka karibu na stendi alikuwa nazo tatu, na sijapata kumsikia mjane aliyepewa naye hata chumvi. Serikali ikashtuka, na hapo siilaumu. Ikasema sheria za vyama vya hisani zimezeeka, zirekebishwe, na wadau watoe maoni. Wadau, kumbe, ndio sisi.

Tukakusanywa katika ukumbi wa parokia, tukapewa soda na andazi. Mwezeshaji alitoka mbali, mikoa ya joto, amevaa shati jepesi. Kabla ya chai alikuwa ameshaazima sweta la katekista, maana upepo wa kwetu hauheshimu wageni. Akatusomesha uwazi, uwajibikaji, walengwa. Mama akanyoosha mkono.

"Mwanangu, na mimi nikifiwa, wenzangu wataruhusiwa kunipikia?"

Mwezeshaji akacheka kwa upole. "Mama yangu, chama cha hisani hakimnufaishi mwanachama wake. Mwanachama ni mtoaji. Mlengwa ni mtu mwingine. Mkisaidiana wenyewe kwa wenyewe, hiyo siyo hisani."

Akageuka, akaandika kwenye karatasi kubwa ukutani kwamba wadau wameafiki. Yule bwana wa asasi tatu alikuwa amekaa mstari wa mbele, anaitikia kwa kichwa mpaka nikamhurumia shingo. Sheria ilitungwa kwa ajili yake na wenzake wanaokula chakula cha yatima. Lakini mtego wa panya hunasa waliokuwemo na wasiokuwemo, na yeye ni panya aliyesoma. Mama yangu hakusoma, na ndiye aliyenaswa.

Kikundi kisichosajiliwa kilikatazwa kuchangisha hata kibaba cha unga, kwa hiyo wakasajiliwa. Wakapewa katiba ya mfano kutoka kwenye semina, ikasomwa mara moja, ikapitishwa. Mama akawa mwenyekiti. Kibao cha buluu kikapigiliwa kwenye mlango wa stoo yetu, palipokaa masufuria. Mimi nilidhani mambo yataishia kwenye kibao, kama yanavyoishia kwa watu wenye akili zao.

Sikuwajua mama zangu. Hawa walilelewa na katekisimu, wakaisoma wamesimama, mikono nyuma. Kwao kilichoandikwa na kupigwa muhuri hakina sehemu ya utani. Jirani yetu alipofiwa na mumewe, wakafika na masufuria kichwani, wakasimama getini. Kwingine kokote wangecheka, wakapika. Wao wakasimama kuwaza, na mfiwa ndani analia. Mwishowe mama akaingia peke yake, akamwinamia.

"Mwenzetu, jivue uanachama, tukusaidie."

Yule mjane, na majivu ya jikoni kichwani, akasema, "Najivua." Papo hapo akawa mlengwa, masufuria yakaingia. Matanga yalipoanuliwa wakampokea tena kwa vigelegele.

Huo ndio ukawa utaratibu wetu. Ukifiwa unajivua, ukimaliza unarudi. Ukifika msimu wa baridi, wazee wetu wanapoondoka kwa kufuatana, watu waliingia na kutoka chamani kama kwenye kiti cha maungamo. Nilicheka mpaka mbavu zikauma. Mama akaniambia, "Cheka tu. Siku yako na wewe utajivua."

Siku iliyofika ni yake. Kifua kilimshika, akalala, akajua haamki. Alitaka jambo moja tu: aoshwe na wale wanawake, na watu wake wapikiwe kwa masufuria yale. "Usiwaachie ndugu zako wa Chala," alinionya. "Wale wataniaibisha kwa maharage mabichi."

Wenzake wakaja kitandani wakambembeleza: mwenyekiti, jivue. Kumbe ile katiba ya semina ilikuwa na kifungu kinachosema mwenyekiti hajivui ila mbele ya mkutano mkuu wa mwaka, afisa wa vyama akiwepo. Nikaenda kwa afisa. Nilimkuta kijana mpole, anapanga mkoba wake wa safari.

"Pole sana, dada. Mkutano wenu uko mwezi wa saba, nitakuja mwenyewe. Mwambie mama avumilie."

"Avumilie kufa?"

"Ni taratibu, dada."

Alikuwa anawahi gari la Matai, kwenye semina ya sheria iliyoboreshwa. Nilirudi nyumbani nalia kwa hasira, nikamwambia mama aachane na katiba ya watu, nani anamchungulia humu ndani.

"Nimewavua wajane na machozi yao usoni," alisema. "Leo zamu yangu, ndiyo nipitie dirishani?"

 Nilimchukia mwezeshaji, nikalichukia na lile sweta aliloazima.

Mama hakufika mwezi wa saba. Alikata roho alfajiri yenye ukungu, na kulipopambazuka wanawake walikuwa wameshafika, masufuria kichwani. Wakasimama getini, kama kawaida yao. Mimi nilikuwa mlangoni na matusi yamenijaa mdomoni, nasubiri wa kwanza afungue kinywa nimpe yote.

Wa kwanza alikuwa makamu, bibi mmoja aliyegombana na mama miaka nenda rudi kuhusu chumvi ya mchuzi. Akatua sufuria chini.

"Mimi najivua," akasema.

Wa nyuma yake naye akasema, "Na mimi najivua." Neno likashuka na mstari, mmoja baada ya mwingine, hadi wa mwisho kabisa kule njiani, aliyebeba kuni. Matusi yangu yakayeyuka, nikakaa chini kizingitini.

Makamu akanipita, akaingia hadi kitandani. Akasimama mbele ya maiti kama mtu aliyekuja ofisini na shida.

"Mwenyekiti, sisi siyo wanachama wako tena, ni majirani tu. Tunaomba kuazima masufuria ya chama."

Akangoja kwa adabu, mikono kifuani. Ndipo akawageukia wenzake. "Amenyamaza. Anayenyamaza amekubali. Ingieni."

Wakamwosha, wakampaka mafuta, wakapika. Maharage yaliiva na chumvi ilikaa sawa, nami nikamwona makamu akiionja mara mbili huku machozi yanamtoka. Tukamzika vizuri. Sheria haikuguswa hata ukucha, maana chama hakikumsaidia mwanachama wake. Chama kilikuwa yeye peke yake.

Mwezi wa saba afisa akaja kweli, kwa pikipiki, yeye na sweta lake mwenyewe, siyo la kuazima. Akakisifia kibao. Akasema katika vikundi vyote alivyozungukia hakuna kisafi kama hiki, hakina malalamiko hata moja. Akatoa kalamu.

"Wanachama wako wapi, dada, tuanze mkutano?"

Nikamwambia anifuate. Nikampeleka hadi makaburini, nikamwonyesha udongo uliokuwa haujaota hata jani.

"Huyu hapa. Hakuna mwingine aliyerudi, kwa hiyo akidi imetimia. Ulisema avumilie, naye amekuvumilia. Fungua mkutano, ajivue."