Vipande Vilivyokatwa katika Baraza la Mjomba

Kituo cha redio kilipoanza, kilikuwa na vyumba viwili juu ya duka la magodoro, na mtu mmoja tu aliyejua kukata na kuunga utepe wa kurekodia sauti. Walimwita Wembe. Alikuwa mwanamke mpole, mwembamba, miwani yake ikining'inia kifuani kwa uzi, na kwa miaka sita vidole vyake ndivyo vilivyosafisha kila kipindi kabla hakijawafikia wasikilizaji. Hapa alikata kikohozi, pale akakata kigugumizi, kisha akaunga ncha mbili kwa gundi, na sikio lisigundue kitu.

Watangazaji wa mwanzo aliwajua kama mzazi anavyowajua wanawe. Alikuwapo msoma habari, fundi cherehani wa zamani, aliyetangaza saa kwa kutazama saa yake ya mkononi iliyochelewa dakika tisa, hata mji mzima ukazoea kuchelewa kazini kwa dakika tisa. Alikuwapo mtangazaji wa mpira, ambaye alipanda juu ya paa kwa kuwa uwanja ulionekana kutoka huko, ila goli la kushoto lilizibwa na tangi la maji. Mabao ya upande huo aliyakisia kwa kelele za watu, na siku moja alitangaza bao la ushindi, kumbe mashabiki walikuwa wakipigana. Alikuwapo pia muuguzi mstaafu wa kipindi cha afya, aliyewagombeza wasikilizaji kwa vikohozi ambavyo hakuwahi kuvisikia. Wote hao Wembe aliwapenda, na kila alipowakumbuka alicheka peke yake.

Mmoja tu hakumchekesha.

Huyo aliitwa Mjomba, na kipindi chake Baraza la Mjomba. Kila Jumatano asubuhi alisoma barua za watu wenye mashaka ya ndoa, ya wazazi, ya majirani, akawajibu kwa sauti iliyoteleza kama asali. Watu waliacha sufuria zikiungua ili wamsikilize. Wasichokijua ni kwamba asali ilikuwa ya Mjomba, lakini nyuki alikuwa Wembe. Barua alizisoma yeye nyumbani, majibu aliyatunga yeye. Na kwa kuwa Mjomba alikuja studio mikono mitupu, hajatazama hata karatasi moja, Wembe alimtamkia jibu sentensi kwa sentensi kutoka upande wa pili wa kioo, kwa kubonyeza kitufe kilichopeleka sauti yake kwenye spika ndogo mezani pa Mjomba. Mjomba alisikiliza, akarudia. Kipaza sauti kilinasa sauti zote mbili. Kwa hiyo kila Jumatano, kabla kipindi hakijarushwa, kazi ya mwisho ya Wembe ilikuwa kuchukua wembe na kujikata mwenyewe.

Sheria ya kituo ilikuwa kwamba kila kipande kilichokatwa kiandikwe kwa penseli namba ya kipindi, kitundikwe msumarini hadi mwisho wa mwezi, kisha kitupwe. Wembe aliandika na kutundika, ila kutupa ndiko hakukuweza. Akiba haiozi, alijiambia, akavipeleka nyumbani katika makopo ya maziwa.

Mwaka wa sita aliomba jambo moja tu, tena kwa unyenyekevu, kikaoni, mbele ya wenzake wote: jina lake litajwe mwishoni mwa kipindi.

Mjomba alimgeukia kwa huruma ya kuigiza. "Dada yangu," alisema, "mgeni akisifu chakula, nani anamuuliza aliyefagia jikoni?"

Kikao kikaangua kicheko. Hata yule wa mpira alicheka, na hilo lilimuuma zaidi. Jumatatu iliyofuata Wembe alihamishiwa stoo kutunza kanda za zamani, na huko akakaa hadi alipostaafu. Mjomba naye, kwa miaka mitatu, alijibu barua mpya kwa majibu yale yale ya zamani, kisha akang'atuka. Watu wakasema amechoka kwa ajili yao.

Kituo kilipotimiza miaka thelathini, mkuu mpya alibisha hodi kwa Wembe. Walikuwa wamejenga studio kubwa itakayoitwa kwa jina la Mjomba, na walihitaji saa nzima ya kumbukumbu za watangazaji wa mwanzo. Mashine ya zamani hakuna mwingine aliyeijua. Wembe alikubali kabla mgeni hajamaliza chai.

Mdogo wake, aliyeishi naye, aliyaona makopo yakishushwa kutoka juu ya kabati, akaelewa.

"Dada, yule ni mtu mzima sasa. Ana wajukuu. Funika kombe."

"Nimelifunika miaka ishirini na minne," Wembe akamjibu. "Na mwanaharamu hapiti. Sasa wanampa na chumba."

Alifanya kazi majuma matano. Hakuongeza neno, hakupunguza. Alirudisha kila kipande pale kilipokatwa. Mkuu alisikiliza dakika ishirini za mwanzo, akacheka hadi machozi kwa habari za tangi la maji, akaidhinisha, akaenda kushughulikia viti vya wageni.

Siku yenyewe, saa nne asubuhi, kipindi kikaruka hewani huku wageni wakisikiliza ukumbini, na Wembe akiendesha mashine katika chumba cha mitambo chenye vioo viwili, kimoja cha ukumbini, kingine cha studio. Mjomba alikaa mbele na wajukuu wake. Baada ya muuguzi ikafika zamu yake: barua ya mama ambaye mwanawe hasemi naye. Ukimya. Kisha sauti ya mwanamke, ya taratibu: "Mwambie asimfuate kwa maneno. Amfuate kwa kumsikiliza." Na asali ikafuata: "Mama, usimfuate kwa maneno. Mfuate kwa kumsikiliza."

Mara ya kwanza watu walidhani mtambo una kasoro. Mara ya tatu mtu alicheka. Mara ya sita hakuna aliyecheka.

Ndipo ikaja barua ya mke aliyepigwa, na sauti ya Mjomba, bila asali: "Huyu naye analia nini? Nimwambie amwache mumewe tumalize, nina njaa." Sauti ya mwanamke ikajibu, "Ana watoto wanne, Mjomba. Sema pole kwanza." Asali ikarudi: "Pole sana, binti yangu."

Katika safu ya tatu mwanamke wa makamo aliinama, akachukua mkoba wake, akatoka bila kumtazama mtu. Wembe alimwona, na kitu kikamchoma moyoni. Hata hivyo hakugusa mashine.

Mjomba alifika mlangoni kwake akihema. "Dada, zima. Nakuomba, wajukuu wangu wanasikia."

"Zimebaki dakika kumi na moja," alisema Wembe. "Mimi nilijikata miaka sita. Wewe kaa usikilize tu."

Mjomba alirudi kukaa.

Kanda ilipokwisha, mkuu, jasho likimtiririka, alimsukuma Mjomba ndani ya studio mpya atoe shukrani, labda mambo yatapoa. Taa nyekundu ikawaka. Mjomba alifungua kinywa, pasitoke kitu. Akainua kidevu kidogo, akamtazama Wembe kupitia kioo, akingoja.

Na sentensi ikamjia Wembe yenyewe, kama ilivyomjia siku zote: fupi, nzuri, ya kuomba radhi na kuchekesha kwa pamoja, ambayo ingewarudisha watu wote upande wa Mjomba. Kitufe cha spika ya studio kilikuwa shubiri moja kutoka kidole chake. Alikunja mikono kifuani, akaimeza.

Mji mzima watu wakaanza kugonga redio zao, wakidhani zimeharibika.