Alama ya Mwisho Jabalini

Kwa miaka ishirini na miwili, mlinzi mmoja wa hifadhi alipaka alama nyekundu kwenye mawe ili wageni wasipotee msituni. Wenzake wakamwita Rangi. Mwaka jana ofisi ilifunga njia ya jabalini, kwa kuwa kelele za watu zilikuwa zikiwafukuza tai viotani. Rangi akatumwa kukwangua alama zote. Alizikwangua kwa brashi ya waya, akabakiza moja chini ya jabali, ile aliyoipaka siku yake ya kwanza kazini. Mkono ulikataa.

Juzi mkuu wake alimwita.

"Rangi, si uliniambia umemaliza?"

"Nilibakiza moja, mkuu. Ile ya zamani."

"Ungeandika kabisa 'karibuni'. Watu wameiona, wakapanda mpaka kwenye kiota cha mwisho. Tai wamekihama. Kinda amekufa njaa."

 Rangi alichukua brashi akaenda jabalini peke yake. Waya ulikwaruza jiwe kwa sauti kali, na mwangwi ukapanda jabali zima. Zamani sauti hiyo ingewarusha tai wote angani. Hakuna aliyeruka.